Dawa Niliyoahidi kwa Mdomo Wangu

Wangari wangu,

Mambo ya sweta, ya pasipoti na ya kula nimeyasema mpaka ukaniambia, "Mama, hata Japani kuna maduka." Sawa. Hayo nimeyaacha. Ninayoandika hapa, uyasome usiku huu kabla hujalala, ni yale ambayo siwezi kukuambia tukiangaliana, kwa sababu ukinitazama na hayo macho ya shosho yako, mimi huanza kuongea habari nyingine.

Unajua mwandiko wangu. Niliishia darasa la saba, na si kwa kukosa akili. Akili nilikuwa nayo. Kule kwetu Kangari mwalimu alikuwa akinipa chaki niandike ubaoni yeye akinywa chai. Basi ukiona nimekosea jina la kitu cha maabara yenu, sahihisha kwa kalamu yako na uendelee kusoma.

Nitaanza na Jumapili ile tuliyokuombea kanisani. Mimi ni mtu wa kujisifu, nasema mwenyewe kabla hujasema wewe. Nikiwa na ng'ombe mzuri, Gakindu yote itajua anatoa maziwa kiasi gani. Sasa fikiria mtu kama huyo apewe binti wa kwanza katika ukoo kwenda kusomea udaktari wa vitabu ng'ambo, halafu apewe na kipaza sauti. Ulikuwa umekaa karibu nami. Nilisema, "Huyu mnayemwona anaenda kutengeneza dawa ya baba yake. Atachukua seli ya ngozi, aigeuze iwe ya ubongo, na Maina ataacha kutetemeka. Na si Maina peke yake!" Watu wakapiga makofi. Ukanivuta sketi, ukaninong'oneza, "Mama, sijasema hivyo." Nami nikakukanyaga kidole cha mguu nikaendelea.

Nilijua hujasema hivyo. Hilo ndilo jambo la kwanza ninalotaka ulijue. Sikukuelewa vibaya. Nilikuelewa vizuri sana, siku ile jikoni, uliponieleza kwa maharagwe na uzi wangu wa kufuma.

Nakumbuka kila kitu. Ulisema kila seli ya mwili, ya ngozi, ya ini, ya moyo, imebeba maagizo yote ya mtu mzima, tangu alipokuwa kitu kidogo tumboni. Ila seli ikishakuwa ngozi, maagizo mengine yote hufungwa. Ukachukua haragwe, ukalizungushia uzi, ukachukua lingine, ukalizungushia, mpaka ukawa na kifundo kigumu ambacho sikuona mwisho wake. "Hivi ndivyo yanavyofungwa, Mama. Yapo, lakini hayasomeki." Kisha ukasema wataalamu waligundua protini nne ambazo zikiingizwa kwenye seli ya mtu mzima zinaweza kufungua kile kifundo, seli irudi kuwa kama changa, seli shina, ambayo inaweza kufundishwa kuwa kitu chochote. Nikaruka juu! Nikasema, si hapo ndipo penyewe? Ukacheka. "Ngoja, Mama. Nyingi zinakataa. Karibu zote."

Ukasema hicho ndicho unachoendea. Kukataa kwao. Ukanitajia vile vizuizi: uzi wenyewe ulivyokazwa, zile alama ndogo zilizogandishwa juu yake kama lakiri, yule mlinzi ndani ya seli ambaye akiona inalazimishwa huisimamisha au huiua kabisa, na uzee, kwamba seli za mzee ni ngumu kuliko za mtoto. Na nyingine hufika katikati zikakwama, si ngozi tena, wala hazijawa kitu kingine. Nikakuuliza, "Kwa nini usimwondoe huyo mlinzi tu?" Ukaweka uzi chini ukasema, "Kwa sababu ndiye anayezuia saratani, Mama. Ukimfukuza bila kujua anachofanya, unafungua mlango kwa mengine."

Usiku huo sikulala mapema. Nilikuwa nikiifikiria mikono yangu.

Hii hadithi umeisikia ikichekwa na shangazi zako, lakini hujaisikia kutoka kwangu. Nilipoolewa hapa nilikuwa msichana wa chai. Tangu utoto nilichuna chai, majani mawili na kichipukizi, na mikono yangu yote miwili ilikuwa ikikimbia bila mimi kuiangalia. Kangari nilisifiwa. Nikaletwa kwenye kahawa, na kahawa haitaki haraka. Unachuna tunda moja moja, jekundu peke yake, la kijani unaliacha liive. Mimi siku ya kwanza ya msimu nikaingia shambani kama simba. Nilijaza debe kabla ya wengine kufika nusu. Nikalibeba mpaka faktori kichwa juu, nikingoja kusifiwa.

Karani alitazama akacheka. Nusu ilikuwa ya kijani. Shosho yako, mama mkwe wangu ambaye jina lake ndilo lako, hakunigombeza hata kidogo, na afadhali angenigombeza. Alitandika gunia pale chini, mbele ya wanawake wote wa kijiji, akamwaga debe langu, akasema, "Keti uchague, mwari." Nikaketi. Nikatenga nyekundu huku, kijani kule, na wanawake wakipita wanauliza, "Huyu wa chai bado hajamaliza?" Jua likaondoka nikiwa hapo.

Nilidhani ni jambo la wiki moja. Wangari, ilichukua miaka. Kichwa kilijua jekundu na kijani siku ile ile, lakini mikono ilikataa. Nikisahau kidogo tu, ilirudi kuchuna chai. Shosho yako alijaribu kila njia. Alinifunga vidole viwili kwa kitambaa nichune kwa vilivyobaki. Alinisimamia nyuma. Akinikemea, mikono ilikazika zaidi. Kuna wakati sikuweza kuchuna kahawa wala chai. Nilirudi Kangari kumsaidia mama yangu na huko nikawa mzito, dada zangu wakaniacha nyuma kwenye mistari. Nikalia katikati ya majani. Nilikuwa mtu wa wapi sasa?

Ndiyo maana uliposema kuna seli zinazokwama katikati, nilijifanya nachochea sufuria.

Na siku moja, hata sijui ni siku gani, mikono ikageuka. Shosho yako aliona kabla yangu. Alisimama kwenye mstari akasema tu, "Sasa wewe ni wa hapa." Lakini baba yako anajua kwamba mpaka leo nikilala vidole vyangu vinachuna chai kwenye blanketi. Wewe mwenyewe ulisema hata zile seli zilizogeuka mara nyingine hukumbuka zilikotoka. Uliposema hivyo nilitaka kukukumbatia, lakini ulikuwa umeshika maharagwe.

Nakuambia haya ili uone kwamba nilielewa kabisa kwamba unaendea kujua kwa nini seli hukataa, na kwamba hiyo ni kazi ya miaka, na inaweza kuisha bila dawa. Nikaelewa, halafu nikasimama kanisani nikasema lingine. Kwa nini? Kwa sababu "ameenda kuuliza kwa nini zinakataa" haipigiwi makofi. Na kwa sababu nilimtazama baba yako pale kwenye kiti cha mbele, mkono wake ukimpigapiga gotini, na nilitaka asikie kitu kizuri. Sababu zote mbili ni za kweli. Sijui ipi ilikuwa kubwa.

Sasa niseme kilichotokea.

Umeona mwezi huu baba yako amekuwa mgumu. Umeona akisimama mlangoni miguu imekataa kwenda, akishindwa kufunga vifungo, sauti imeshuka. Ulinisikia nikisema ni huzuni ya kukuacha uende. Nilidhani hivyo kweli. Wiki iliyopita nikachukua koti lake la kunyunyizia dawa kahawa ili nilifue, nikaingiza mkono mfukoni, nikatoa vidonge vyake. Vingi. Vingine vimeshikana na vumbi. Alikuwa akivitia mdomoni nikiwa namtazama, kisha anavitoa.

Nilimwendea pale kwenye kibanda cha ng'ombe. "Baba Wangari, hivi ni nini?"

Akatazama ng'ombe. "Vidonge."

"Najua ni vidonge! Vinafanya nini kwenye koti?"

"Usipige kelele, msichana atasikia."

"Asikie!"

Ndipo akaniambia, polepole, kama mtu anayemweleza mtoto. Alisema alikusikia jikoni siku ile ya maharagwe. Alisikia kwamba seli za wazee hukataa, na kwamba kuna mlinzi. Akawaza, "Hivi vidonge nimevimeza miaka yote hii, vimezizoesha seli zangu ukaidi. Wangari akileta dawa yenyewe itakuta mlango umefungwa. Basi naziandaa. Nauacha mwili uwe safi, ukae wazi, ili siku ile zisikatae."

"Si wewe ulisema kanisani ananiletea mimi?" akaniuliza. "Basi si nijitayarishe?"

Mwanangu, nilikaa chini kwenye nyasi za ng'ombe na gauni langu zuri.

Alhamisi, ulipoenda Nyeri mjini kuaga rafiki zako, tulikuambia tuna mkutano wa wazee wa kanisa. Tulikuwa hospitali. Daktari alimsikiliza mpaka mwisho, hakumcheka, namshukuru kwa hilo. Akamweleza kwamba vidonge havizifundishi seli ukaidi wowote, kwamba vinampa ubongo kile kilichopungua, basi, na kwamba kuviacha ghafla vile kungeweza kumuua. Ameanzishwa tena kidogo kidogo. Leo amefunga vifungo viwili mwenyewe. Usiogope. Nimekuambia ili usikie kwangu, si kwa shangazi yako.

Lakini hata baada ya hospitali bado nilikuwa sijamwambia lile lenyewe. Daktari alisema habari za vidonge. Habari za dawa yako aliniachia mimi, kwa kunitazama tu.

Kabla ya kumwambia baba yako nilienda kwanza kwa Mama Kariuki, kule juu ya mto. Yule mama mwembamba aliyekuja na kuku siku moja baada ya maombi, wewe ulikuwa unaoga. Mwanawe alianguka kutoka kwenye mti akakatika uti wa mgongo, sasa ni wa kubebwa. Aliniuliza siku ile, "Binti yako akirudi, kijana wangu anaweza kuwa wa pili baada ya Baba Wangari?" Nami, Mungu anisamehe, nikasema tutaona. Nikachukua kuku. Ulikula paja lake na ukasema ni tamu.

Nilimkuta akimgeuza kijana wake kitandani. Nikamwambia nikiwa wima, bila kukaa. Nikasema, "Nilisema uongo. Hakuna dawa. Wangari anaenda kusoma vizuizi." Alimaliza kumfunika mwanawe kwanza. Akatoka nje nami, akauliza, "Vizuizi ni nini?" Nikamweleza, kwa uzi wa shuka lake na kokoto, kama ulivyonieleza. Alisikiliza sana. Kisha akasema, "Kwa hivyo nilikuwa nikimhesabia kijana wangu siku bure."

Nikasema ndiyo.

"Sitakwambia ni sawa," akasema. "Si sawa." Akanisindikiza mpaka njiani. Pale njiani akasema, "Lakini huyo msichana aulize. Mtu asipouliza, hata dawa ya kweli haitakuwa na mahali pa kutokea." Akarudi ndani. Sijasamehewa, Wangari, na sikuomba kusamehewa upesi.

Sasa nifike kwako, kwa maana hapa ndipo roho yangu imekaa tangu juzi.

Juzi tukiosha vyombo ulisema, kana kwamba ni jambo dogo, "Mama, nimefikiria nikifika niombe kuhamia kwa kundi lingine. Wale wanaotengeneza seli za ubongo za kupandikiza. Hawa wa vizuizi ni wa polepole." Nikakuuliza, "Na wewe unapenda hao wengine?" Ukasugua sufuria ambayo ilikuwa safi tayari. "Si kupenda, Mama. Baba anangoja."

Mtoto wangu. Nimekutazama ukilipenda hilo swali lako tangu chuo. Nimekusikia ukiongea peke yako bafuni juu ya seli zinazokataa, kwa sauti ambayo wasichana wengine huongea juu ya wavulana. Na sasa unataka kuliacha kwa ajili ya kipaza sauti changu. Ulikuwa unalipa neno ambalo hukulisema.

Basi leo jioni nilimwambia. Wewe ulikuwa kwa majirani. Nilimpa uji, nikasema, "Baba Wangari, mtoto hana dawa. Haendi kuleta dawa. Hakuwahi kusema. Ni mimi."

Akanywa uji. Mkono wake ulipiga kikombe kwenye meno.

"Anaenda kufanya nini basi?"

"Kuuliza kwa nini zinakataa."

"Maswali?"

"Maswali."

"Mpaka Japani? Maswali peke yake?"

"Peke yake."

Akacheka, Wangari. Kicheko cha zamani, kile cha kabla ya ugonjwa. Akasema, "Huyu ni mama yangu kabisa. Unakumbuka alivyomuuliza yule fundi kwa nini mlango unafungika, wakati sisi tulitaka tu ufunguke?" Kisha kicheko kikaisha. Akaniambia, na haya ni maneno yake yenyewe: "Nilikuwa nimefurahi kwamba nitapona. Acha nikae na hilo leo. Usinifariji." Nikamwacha akae. Niliketi karibu naye nisimshike mkono, kwa kuwa alisema nisimfariji, na hilo kwangu ni gumu kuliko kuchuna kahawa.

Baadaye akakunja mkono wa shati, polepole sana, akatazama ngozi ya kiganja na ya kiwiko. Akasema, akikuita mama yake kama kawaida, "Maitu akihitaji ngozi ya mzee, aseme. Wachukue hapa. Si kwa kuniponya. Waone tu inavyokataa. Hakuna ngozi kaidi kama yangu mlima huu wote." Nikamwambia hawasafirishi ngozi ya mtu kwa begi kama viazi. Akasema, "Wewe mwulize tu." Basi nakuuliza. Kama kuna njia halali ya mzee kutoa ngozi yake kwa watu wanaosoma, mwambie, atajivuna kuliko mimi. Kama hakuna, mwambie hivyo pia. Amesema anataka sasa kuambiwa mambo yalivyo.

Asubuhi atakuambia mwenyewe kwamba hangoji. Muamini. Usimwambie "nitajaribu haraka, Baba," kama ulivyomwambia juzi nikiwa nyuma ya mlango. Kaa naye, kunywa chai, mweleze habari za yule mlinzi, anampenda sana huyo mlinzi.

Na wewe enda kwa swali lako. Likikupa kitu, vizuri. Likikataa miaka yote na ukarudi na vitabu tu na miwani minene, hii nyumba ina kitanda chako na hakuna mtu atakayekuuliza umebeba nini. Akiuliza atanipitia mimi kwanza, na unanijua. Siku utakayokwama katikati, usijue wewe ni wa huku au wa kule, usijikemee. Mimi nilipokemewa nilikazika. Kilichonigeuza sijakijua mpaka leo, labda wewe ndiye utakayeniambia.

Kuhusu mimi, sitaacha kujisifu, hilo usiombe. Ila nimebadilisha kitu cha kujisifia. Jumapili nitaomba kusimama tena, nirudishe yale niliyosema, mbele ya watu wale wale. Kisha nitasema binti yangu ana swali kubwa kuliko nyumba zenu zote. Mama Muthoni, jirani yetu wa sokoni, hataweza kuvumilia. Nitamsikia kabla sijakaa: "Na jibu litakuja lini, Mama Wangari?" Nami nitamjibu, "Sijui."

Neno hilo halijawahi kutoka kinywani mwangu Gakindu. Jioni hii nimekuwa nikilifanyia mazoezi hapa jikoni kwa sauti, na baba yako yuko kwenye kiti chake ananisahihisha. Anasema bado nalisema kama mtu anayejua.

Mama yako,
Wairimu